MALI BILA DAFTARI: Bwana Kirkman na ushanga mmoja wa Gedi

Habari hii ni ya mtu aliyefanya kazi Pwani na kutajwa sana Pwani, lakini mimi nilipata kumwelewa nikiwa mbali kabisa na bahari. Nilikuwa nikifundisha Siongiroi, katika Chepalungu, nchi ya Wakipsigis upande wa Bomet. Watu wa kwetu wakisikia Bomet na Kericho huwaza majani ya chai tu. Chai ipo, na ukipanda kuelekea Sotik na Kericho utaiona imefunika vilima. Siongiroi yenyewe zaidi ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na baridi yake ya alfajiri humfanya mtu wa Mombasa atawadhe huku akitetemeka.

Nilipanga chumba katika boma la mama mmoja mjane aliyeishi na mama mkwe wake. Yule bibi kizee kila mtu alimwita Gogo, maana yake bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mwalimu. Jioni moja, baada ya kunikaribisha mursik, alitoa mkebe wa majani ya chai, akaufungua, akanimwagia mkekani mkufu mrefu wa shanga. Nyingi zilikuwa nyekundu, nyingine buluu, nyingine nyeupe, zimefifia kwa jasho na mafuta ya miaka mingi.

Alikuwa na shida. Mjukuu wake wa kike alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Wakati huo huo alikuwa amepita mtu mmoja anunuaye vitu vya kale kwa ajili ya maduka ya watalii, akautaka ule mkufu kwa bei ya mbuzi wawili, na akaahidi kurudi mwisho wa mwezi. Gogo alitaka kujua mambo mawili: shanga zile zina umri gani, na thamani yake hasa ni kiasi gani. Alifikiri kwamba kwa kuwa shanga zilitoka Pwani, basi mtu wa Pwani hakosi kujua.

Mtu wa Pwani hakujua. Niliona haya, na haya yangu ilikuwa na mizizi ya zamani.

Nyumbani kwetu Mombasa palikuwa na mrashi wa kioo cha rangi ya samawati, shingo yake nyembamba, tumbo lake la mviringo. Ulitolewa siku za maulidi na harusi tu, ukajazwa marashi, wageni wakanyunyiziwa, kisha ukarudishwa kabatini. Bibi yangu alipofariki dunia akaja mnunuzi akatutajia bei, nasi tukapokea fedha tukafurahi. Hakuna aliyeuliza mrashi ule ulitengenezwa wapi, wala ni nani aliyeuleta nyumbani kwetu. Aliyejua alikuwa amekwisha kuzikwa. Hata leo nikitaka kukisia kama ulitoka India, Uajemi au Bohemia, sina pa kushika. Wazee walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi nilimwomba Gogo asiuze mpaka nirudi, maana likizo ilikuwa imekaribia. Nilishuka Pwani nikiwa na swali lake, nikaenda Gedi, na kutoka Gedi nikaenda Ngome ya Mombasa, kuitafuta njia ya mtu mmoja aliyetumia miaka 24 ya maisha yake akijibu swali lile lile kwa vigae na vioo vilivyovunjika. Mtu huyo ni James Kirkman.

MTU WA GEDI

James Spedding Kirkman alizaliwa Uingereza mwaka 1906. Alipoanza kazi Gedi mwaka 1948 hakuwa kijana tena. Alikuwa na miaka arubaini na ushei, umri ambao wengi wetu huanza kutafuta kivuli cha kupumzikia. Yeye alikitafuta kivuli, akakipata, lakini kilikuwa kivuli cha msitu wenye mji ndani yake.

Gedi iko karibu kilomita 16 kusini ya Malindi, jirani na Watamu. Jina lenyewe husemwa kwamba latokana na neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alipata kuyaona magofu hayo mwaka 1884, na mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa kumbukumbu ya kulindwa. Lakini hakuna aliyeweza kueleza mji ule ulijengwa lini wala ulihamwa lini. Wareno walikaa Malindi, mwendo wa siku moja tu kwa miguu, wala habari za Gedi hazionekani katika maandishi yao. Ulikuwa mji wa kuta mbili, wenye ukubwa wa ekari 45 hivi, wenye msikiti mkuu wa Ijumaa, jumba la mtawala, visima na vyoo vya mawe, lakini hauna tarikh.

Wenyeji wa pande zile waliyaogopa magofu. Na Bwana Kirkman mwenyewe, ingawa alikuwa mtu wa elimu, aliandika baadaye kwamba alipoanza kazi pale alihisi kuna kitu kinachomtazama kutoka nyuma ya kuta, ambacho hakikuwa rafiki wala adui. Nimesimama ndani ya msikiti ule saa ya alasiri, wakati kima wanaporuka juu ya matawi na jua likiingia kwa vipande, nami nakiri kwamba sikumcheka.

Alikaa Gedi miaka kumi. Kazi ya kuchimba na kubeba udongo ilifanywa na watu wa huko huko, na ni haki kuwataja, kwa kuwa majina yao hayako juu ya majalada ya vitabu. Yeye alisimamia, akapima, akaandika. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yake, nami naomba msomaji anivumilie kidogo niieleze, maana bila ya hiyo hatuwezi kurudi kwa Gogo na mkufu wake.

UDONGO UNA DAFTARI LAKE

Mtu anapochimba kutafuta hazina huchimba kama panya. Humfikia mwishoni bakuli au ushanga, akauchomoa, akaenda zake. Mtaalamu wa mambo ya kale hafanyi hivyo. Hushuka tabaka kwa tabaka, na kila kigae hukiandikia kimetoka tabaka gani, chini ya sakafu gani. Kilicho chini kilitangulia na kilicho juu kimefuata, ikiwa udongo haukuvurugwa.

Kanuni ya kwanza ni hii. Ukivunja sakafu ya msikiti ukakuta chini yake kigae, basi sakafu ile haiwezi kuwa kongwe kuliko kigae hicho. Ni sawa na kubomoa nyumba ukakuta katika msingi sarafu ya mwaka 1978. Hata mwenye nyumba aape kwamba ilijengwa na babu yake mwaka 1950, sarafu imekwisha kutoa ushahidi. Kumbuka lakini kwamba sarafu haisemi kuwa nyumba ilijengwa mwaka 1978. Yasema tu haikujengwa kabla yake.

Kanuni ya pili ni kwamba kinachotoa tarehe ni kile kinachobadilika upesi. Vyombo vya kauri vya China vilibadilika rangi na nakshi kila baada ya muda, tena nyakati zake zinajulikana. Vile vya buluu na nyeupe vilianza kutengenezwa kwa wingi katika karne ya 14. Basi sakafu iliyofunika kigae cha namna hiyo haikumwagwa kabla ya hapo. Ndiyo maana Bwana Kirkman alikithamini kigae cha sahani ya China kuliko bakuli zima ambalo halijulikani lilitoka shimo gani.

Alikuwa pia na nguzo moja imara ya kufungia kamba yake. Karibu na msikiti mkuu liko kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Fikiri, msomaji: katika mji mzima usiokuwa na tarikh, Muislamu mmoja alizikwa na jamaa zake wakakumbuka kuandika mwaka. Kwa mwaka huo mmoja vigae vilivyokuwa karibu na kaburi vilipata umri, na kwa vigae hivyo nyumba na sakafu nyingine zikapata umri. Daftari dogo la jamaa wa marehemu limewafaa watu baada ya miaka 600. Bwana Kirkman aliliona jambo hilo ni kubwa kiasi cha kuliandikia kaburi hilo kitabu chake peke yake, kilichotoka mwaka 1960.

Nyumba za Gedi hazikuwa na majina yaliyojulikana, kwa hiyo zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Na iko moja ambayo mbele yake nilisimama kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, nikiufikiria mkebe wa majani ya chai ulioko Siongiroi. Hiyo yaitwa Nyumba ya Ushanga wa Venice.

Nyumba nzima, yenye vyumba na ua, imechukua jina la kipande cha kioo ambacho kingeweza kupotea katika mshono wa kanzu!

KIOO KINAVYOSEMA

Venice ni mji wa Italia uliojengwa juu ya maji. Mwaka 1291 wakuu wake waliamuru tanuu za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, na kuanzia mwisho wa karne ya 15 mafundi wa huko wakawa wanatengeneza shanga kwa wingi za kuuzwa nchi za mbali. Kwa hiyo ushanga wa Venice ndani ya nyumba ya Gedi huelekeza macho kwenye siku za mwisho mwisho za mji, wakati Wareno walipokuwa wamekwisha kufika Malindi, mwaka 1498.

Shanga nyingine nyingi zinazookotwa katika magofu ya Pwani ni zile ndogo za rangi moja, nyekundu, kijani au manjano, zilizotoka India na nchi za mashariki yake. Hizo zilitengenezwa kwa mtindo mmoja karne baada ya karne. Mtu akikuonyesha moja yao mkononi na kukuambia kwa uhakika kuwa ina miaka 900, muulize ameitoa tabaka gani. Akikosa jibu, basi hajui umri wake. Anajua bei aitakayo tu.

Kioo chenyewe kina dalili zake. Ushanga uliokatwa kutoka katika bomba refu la kioo lililovutwa likiwa moto, vipovu na michirizi yake hufuata tundu kwa urefu. Ushanga uliozungushwa juu ya ukambaa wa chuma, vipovu na michirizi yake huzunguka tundu. Ushanga uliobanwa katika kalibu aghalabu huacha mstari mwembamba pale pande mbili zilipokutana. Plastiki ni nyepesi na haina ubaridi ukiigusisha mdomo, hali kioo ni kizito na baridi. Kioo kilichokaa ardhini penye unyevu huwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua, kwa sababu maji yamenyonya magadi yaliyochanganywa na mchanga wakati wa kukiyeyusha. Watu wengi huupenda utando huo na kuulipia, bila ya kujua kwamba ni ugonjwa wa kioo.

Na ziko shanga nyekundu ambazo ukizitazama tunduni utaona ndani ni nyeupe, kama fuu lenye nyama nyekundu na kokwa jeupe. Zile za zamani zaidi zilikuwa na moyo wa kijani au manjano. Za moyo mweupe zilianza kuenea karne ya 19, yapata miaka ya 1830. Hizi zilikuwa mashuhuri katika biashara ya Unguja. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya mwaka 1857 na 1859, alieleza kwamba aina za shanga katika biashara hiyo zilifika kama 400, kila nchi na chaguo lake. Nyekundu ziliitwa samesame, na zilipewa majina ya utani ya kwamba zinamaliza chakula na kuvunja miji, kwa jinsi watu walivyozitamani. Mfanyabiashara aliyekosea rangi aliweza kubeba mzigo hadi ng'ambo ya Tabora na asipate hata kuku. Thamani ya ushanga haikutoka Venice. Iliamuliwa na mwanamke wa kijijini, aliyeutazama akaupenda au akaukataa.

NGOMENI

Mwaka 1958 Bwana Kirkman aliondoka Gedi akahamia Mombasa. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ilikuwa jela ya Waingereza tangu mwaka 1895. Wazee wetu waliijua kwa jina hilo tu la jela. Mwaka huo wa 1958 wafungwa waliondolewa, ngome ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian ikatengenezwa. Mwaka 1960 jumba la makumbusho likafunguliwa, Bwana Kirkman akiwa mlinzi wake. Mahali walipofungiwa watu pakawekwa sahani, mitungi, shanga na milango ya nakshi.

Aliichimba ngome hiyo kama alivyoichimba Gedi. Alitenganisha tabaka la Wareno na tabaka la Waomani, waliouteka ngome mwezi Disemba mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu Machi mwaka 1696. Kitabu chake juu ya ngome kilitoka mwaka 1974. Kabla ya hapo alikuwa ameandika vingine juu ya msikiti mkuu wa Gedi mwaka 1954, jumba la mtawala mwaka 1963, na Ungwana penye mlango wa mto Tana mwaka 1966. Alifanya kazi pia Mnarani kwa Kilifi na Ras Mkumbuu kisiwani Pemba. Alistaafu mwaka 1972, akafariki dunia mwaka 1989. Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, na Gedi ikaingizwa mwaka 2024. Hakuishi kuyaona hayo, lakini msingi wake aliutia mkono.

KOSA LAKE

Sasa msomaji wa Pwani ataniuliza: Je, mtu huyu hakuwa na kosa? Alikuwa nalo, na kosa lake ni somo kubwa kuliko sifa zake.

Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliiita Gedi mji wa Kiarabu. Aliona kauri za China, vyombo vya Uajemi, kioo cha nchi za mbali na maandishi ya Kiarabu. Akahukumu kwamba waliojenga walikuwa watu waliokuja kutoka ng'ambo, na wenyeji walikuwa pembeni. Mawazo hayo yalikuwa ya wengi zama zile za ukoloni. Baada yake wakaja wengine, Wakenya na wageni. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo ya miti na udongo iliyofuatana, ya kwanza yao ikiwa ya karne ya 8. Chapurukha Kusimba alitoa kitabu mwaka 1999 akieleza jinsi miji ya Waswahili ilivyokua kutoka humu humu nchini. Na Gedi yenyewe, uchimbaji wa baadaye ulionyesha kuwa mji una umri mkubwa zaidi kuliko Bwana Kirkman alivyodhani.

Ajabu ni kwamba ushahidi mwingi ulikuwa mikononi mwake. Vigae vya vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa na wanawake wa hapa vilikuwa vingi kupita kauri zote za China. Lakini chungu cha mwenyeji hakikumpa tarehe kama kauri ilivyompa, basi kauri ikapata sauti kubwa kuliko chungu. Kitu cha kigeni kinaweza kukuambia lini, hakikuambii nani. Nyumba ya Ushanga wa Venice haikuwa nyumba ya Mvenice. Aliyeishi mle aliswali akielekea kibla, akala wali au mtama uliopikwa katika chungu cha hapa, na ushanga ule aliununua kwa mali yake kwa sababu aliupenda.

Namsifu Bwana Kirkman kwa jambo moja juu ya yote. Kwa kuwa aliandika kila alichokiona na mahali alipokiona, waliokuja baadaye waliweza kumsahihisha. Mwenye kuchimba bila daftari hawezi hata kukosolewa.

KURUDI SIONGIROI

Likizo ilipokwisha nilirudi Siongiroi nikiwa na kioo cha kukuzia nilichonunua Mombasa. Tuliketi mkekani, Gogo, mkwewe, yule binti wa shule na mimi. Nilianza na uzi. Ulikuwa wa nailoni, wa kuvulia samaki. Kwa hiyo mkufu, kama mkufu, ulikuwa wa juzi tu. Kisha katikati nikakuta ushanga mmoja wa plastiki. Binti akacheka, akakiri kuwa ni yeye aliyeuongeza alipokuwa mdogo. Ningekuwa nahukumu kwa kanuni ya sakafu ya Gedi, mkufu mzima ungekuwa na umri wa mtoto yule.

Lakini shanga zenyewe si za siku moja. Tuliufungua uzi, Gogo akaanza kuzitenga kwa vidole vyake bila ya kioo chochote. Hizi za buluu na hizi nyeupe alizinunua mwenyewe katika duka la Mhindi, miaka ya 1950, alipokuwa bibi arusi. Hizi kumi na saba nyekundu alipewa na mama mkwe wake, naye alizipata kwa mama yake. Nilizitazama tunduni zile kumi na saba. Moyo ulikuwa mweupe.

Nakiri kwamba nilivunjika moyo kidogo, kwa kuwa nilikuwa nikiota kwamba nimeshika ndugu wa ushanga wa Gedi. La hasha. Moyo mweupe ulisema hazikuwa za kabla ya miaka ya 1830 hivi, na kumbukumbu ya Gogo ikasema zilikuwa zimekwisha kuvaliwa kabla ya yeye kuzaliwa. Kati ya kiwanda na kumbukumbu ndipo ulipo umri wake. Zingeweza kuwa zimeletwa na misafara ya Pwani iliyopita upande wa Baringo kwenda Mumias, zikapokezanwa jirani kwa jirani mpaka Chepalungu. Zingeweza pia kuwa zimekuja na maduka yaliyofuata reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kioo peke yake hakikuweza kuamua.

Na jambo hilo si dogo, kwa sababu sheria ya Kenya huhesabu kitu cha kale kuwa kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kitu cha namna hiyo hakitolewi nje ya nchi bila ya kibali cha serikali. Nilimweleza Gogo hayo. Juu ya bei nilimwambia ukweli, kwamba bei ni neno la mnunuzi na muuzaji, nami si mmoja wao.

Kisha nikamwomba yule binti alete daftari la shule. Gogo alisimulia kwa Kikipsigis, binti akaandika kwa Kiswahili: kila fungu la shanga lilitoka kwa nani, lilivaliwa katika sherehe gani, nani alimrithisha nani. Walijaza kurasa tatu. Yapo majina ya wanawake wanne mle ambayo hayajapata kuandikwa popote. Mkwewe, aliyeishi katika boma lile miaka mingi, alisikia mawili kati yao kwa mara ya kwanza.

Mwisho wa mwezi mnunuzi alirudi. Gogo alimuuzia za buluu na nyeupe, zile za dukani, kwa bei ya mbuzi mmoja na nusu, na fedha zilizopungua katika karo zikapatikana kwa maziwa. Zile kumi na saba alizifunga kwa uzi mpya akazirudisha katika mkebe. Mnunuzi alipoliona daftari na kuelezwa lilivyo, akataka kulinunua pia. Aliongeza bei mara mbili kwa ajili ya zile kurasa tatu, maana alijua kuwa shanga zenye habari hununuliwa kwa bei nyingine kabisa huko aziuzako. Gogo alimkatalia. Binti alirudi shule Jumatatu iliyofuata.

Ndugu zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja, katika makabati yetu bado imo mirashi, zimo taa za vioo, zimo bilauri za harusi na sahani za ukutani, na wako mabibi wanaojua kila kimoja kilikuja kwa jahazi gani. Bwana Kirkman alitumia miaka kumi msituni kutafuta jibu ambalo mwenye Nyumba ya Ushanga angeweza kulitoa kwa dakika tano, lau kama angekuwapo mtu wa kumuuliza na kuandika. Sisi wa kuwauliza tunao. Daftari la shule si ghali, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nani kati yao atakuwapo maulidi ijayo.